Wanafunzi 68, madawati 15: naweza kuwaacha wachague pa kukaa?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi mwalimu wa darasa la pili huku Mbagala, nina watoto 68 na madawati 15, dawati la watatu wanabanana wanne mpaka watano. Kuna klipu nimeziona za madarasa ya Marekani, mtoto anachagua mwenyewe pa kukaa, kuna mipira mikubwa ya kukalia, stuli zinazoyumba, mito chini, wengine wanaandika wamesimama. Nimeipenda sana ila mwalimu mkuu kasema hayo mambo ni ya shule za wenye hela. Na nina mtoto mmoja kila dakika kasimama, nimemchapa mpaka roho inaniuma. Nifanyeje?
Mwalimu, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kazi. Nianze na huyo mtoto kwanza manake ndo ameniumiza zaidi. Fimbo weka chini kabisa. Mtoto wa miaka 7 au 8 kukaa kwenye ubao mgumu asubuhi nzima, kabanwa kulia na kushoto, joto la bati la Dar juu, lazima atasimama tu, sio jeuri hiyo, ni mwili unatafuta nafasi. Mpe sehemu ya kusimama kwa ruhusa, pale nyuma kwenye dirisha, aweke daftari kwenye kizingiti asome hapo, halafu uangalie wiki mbili anakuwaje.

Hilo la wenye hela mwambie mwalimu mkuu kwa heshima tu kwamba Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyeanzisha shule zinazoitwa kwa jina lake, alianza kwenye mtaa wa maskini kule Roma, 1907, na kitu kimoja alichokitumia ni kimkeka. Mtoto anakitandika chini, hapo panakuwa pake pa kazi, mwenzie hapakanyagi, akimaliza anakikunja anakirudisha. Mkeka! Sisi tumezaliwa juu ya mikeka. Kwahiyo mipira na stuli za kuyumba achana nazo, tafuta mikeka mitatu mikubwa, ile ya plastiki inafutika na kitambaa, ya ukindu ikilowa masika inaota ukungu.

Sasa hesabu yako. Ukitoa watoto 20 wakakaa kwenye mikeka mbele ya ubao na 6 au 7 wakasimama dirishani, kwenye madawati wanabaki kama 42, yani watatu watatu na nafasi inabaki. Serikali yenyewe inasema mwalimu mmoja watoto 45, tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wamefurika, hilo sio kosa lako ila hewa darasani unaweza kuiongeza hivo.

Ila usianze na kila somo. Kusoma na kuhesabu mkekani panafaa sana, vizibo na vijiti vinatandazwa vizuri kuliko kwenye dawati ambalo vinadondoka kila saa. Kuandika hapana, rudisha wote kwenye madawati hata kama watabanana kidogo, kwasababu mtoto wa la pili akiandikia gotini mwandiko unaharibika na kuurekebisha baadae ni kazi kubwa. Wiki ya kwanza watagombania mkeka, weka zamu kwanza, kuchagua kutakuja wakishazoea, na anayeshindwa kufanya kazi alipochagua mrudishe kwa upole, kesho ajaribu tena. Mtoto asiyeona vizuri, asiyesikia vizuri, au mwenye shida ya miguu huyo usimzungushe, mahali pake pa karibu pabaki pake. Wasichana ongea na mama zao wavae kaptula ndani ya sketi, wasikae wakiwa na wasiwasi.

Kitu kingine, utaambiwa utumie matairi chakavu kama viti. Ni mazuri na ya bei rahisi lakini yakiachwa nje yanatuama maji, na hapa Dar dengue tumeiona 2014 na 2019, mbu wake anapenda maji ya hivyo. Ukiyaleta toboa matundu chini na yalale ndani.

Usibishane na mwalimu mkuu, mkaribishe kipindi kimoja cha kuhesabu aone mwenyewe.

SWALI: Mama, mwanangu yuko la kwanza, mwalimu anawakalisha chini kwenye mkeka na shati jeupe linarudi kahawia, nachoka kufua. Nikalalamike?
Mama wa Tabata

JIBU: Nenda mwanangu, ila usiende kugomba. Uliza sakafu inafagiliwa saa ngapi na kama inapigwa maji kabla ya kufagia, maana vumbi la kufagia kavu ndo linalochafua mashati, na linawakohoza pia. Ukiona hakuna ndoo wala tambara, ongea na wazazi wenzio kwenye kikao mchangie. Halafu muulize mtoto mwenyewe anapenda kukaa wapi. Akikwambia mkekani, mwache akae.