Vidiski vya piezo mbele ya spika: mbona LED haiwaki?

Swali: Nataka kupata umeme kutokana na sauti. Nimebandika vidiski 10 vya piezo vya milimita 27 kwenye ubao mbele ya spika ya muziki, nikaviunganisha sambamba. Mita inasoma karibu volti 3, lakini simu haichaji, LED nayo haiwaki. Nimekosea wapi?

Jibu: Simu iache kabisa. Sauti ya desibeli 100, ambayo tayari inaweza kudhuru masikio, hubeba wati 0.01 tu kwa mita ya mraba. Kidiski chako kina sentimita za mraba 5.7 hivi; hata kikinasa yote hakizidi mikrowati 6. Kwa wati 5 za simu ungehitaji mita za mraba 500 za vidiski visivyopoteza chochote. Zile volti 3 zinaonekana kwa sababu mita hainywi mkondo wa maana. Ukiweka mzigo, yaani kitu kinachotumia umeme, zinaanguka.

LED inaweza kutoa mmweko. Kwanza toa vidiski kwenye ubao: piezo hutoa umeme inapopinda, na ubao mnene haupindi. Gundisha ukingo tu juu ya kipande cha bomba la plastiki, katikati kubaki wazi. Waya wa upande mweupe uunge kwa lehemu (solder) kwa sekunde mbili hivi, la sivyo joto litabandua utando wa fedha.

Kisha uunganishaji. Vidiski havipindi kwa pamoja. Kimoja kikiwa chanya kingine ni hasi, vinamalizana. Kila kimoja kipe daraja lake la daiodi nne za 1N4148, linalogeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa upande mmoja, ndipo uunganishe chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Daiodi ya 1N5819 inasifiwa kwa kula volti chache, ila hapa inavujisha mno.

Kapasita kubwa ya elektroliti ya kukusanya umeme huo nayo ni mtego: uvujaji wake unaweza kumeza chote kinachoingia, isijae kamwe. Tumia ya filamu, mikrofaradi 10. Ikifika volti 5, bonyeza swichi iende kwenye LED nyekundu kupitia rezista ya omu 470. Utapata mmweko mfupi.

Ukitaka zaidi, achana na sauti ya hewani, ufuate mtikisiko wa mashine. Bana rula ya chuma kwenye fremu ya mashine ya kusaga, kidiski kikigundishwa karibu na mbano (hapa uso mzima, maana rula inapinda), na nati nzito ncha ya pili. Mota ya mizunguko 1440 kwa dakika hutikisa mara 24 kwa sekunde. Sogeza nati taratibu hadi rula itikisike kwa mwendo huohuo, mita isome juu kabisa.