Sanduku la kikoba na ukurasa wa 12

Wiki iliyopita nimesaini mkataba wa tamthilia yangu ya kwanza. Nilipotangaza, binti mmoja wa Mbagala akaniandikia: "Hongera dada. Nianze na kitabu gani cha muundo wa hadithi?" Nilimjibu kwa kifupi, ila swali lake liligusa palepale panapouma, kwa hiyo leo nalijibu vizuri.

Vitabu hivyo navijua. Cha Syd Field, Mmarekani aliyefundisha uandishi wa filamu, cha mwaka 1979, nilikipata kwenye vitabu vya mtumba pale Posta, jalada limeshachanika. Anaigawa skripti ya kurasa 120 sehemu tatu: 30 za mwanzo, 60 za katikati, 30 za mwisho, ukurasa mmoja kwa dakika moja. Mwaka 2005 Blake Snyder, mwandishi wa filamu wa Hollywood, akaja kukaza zaidi: vituo 15 vya hadithi, na tukio la kumvuruga mhusika liwe ukurasa wa 12.

Huo ukurasa wa 12 ndio ulioniponza. Nilikwenda kwenye warsha na muswada wangu kuhusu kikoba cha akina mama wa Manzese. Sanduku lao la akiba lina kufuli tatu, funguo wanashika wanachama watatu, na halifunguliwi mpaka wote wawepo. Siku ya kugawana linafunguliwa mbele ya kila mtu, hakuna kufuli iliyovunjwa, ndani kuna daftari tu. Hapo ni ukurasa wa 28. Mkufunzi alikwenda moja kwa moja ukurasa wa 12, akamkuta Mama Zuhura anamwazima mwenzake ada ya mtoto. Akacheka. "Hapa hakuna hadithi," akasema mbele ya watu wote, akanirudishia karatasi zangu. Ukurasa wa 13 hakuusoma. Nadhani hajausoma mpaka leo.

Jamani, wizi utamuuma vipi mtazamaji kama hajawajua wenye funguo? Ile ada ndiyo ilionyesha nani kabanwa na shida. Na kwa hesabu ya Field, anayetaka hadithi igeuke kuelekea mwisho wa zile kurasa 30, wala sikuwa nimechelewa.

Tena vitabu hivi vinapigia mahesabu filamu ya Hollywood ya karibu saa mbili. Mimi nimeuza tamthilia ya sehemu nyingi, na ufundi wake nimeufuata kwenye hadithi za mfululizo za magazetini: mkono umeshika kitasa, mlango haujafunguka, chini imeandikwa "Itaendelea", na wiki ijayo unalitafuta gazeti mwenyewe. Sehemu yangu ya kwanza inaishia kufuli ya tatu inapofunguka. Cha ndani hukioni mpaka sehemu ya pili. Prodyuza aliposoma hakuuliza habari ya ukurasa, aliuliza, "Kachukua nani?" Nikakataa kumwambia.

Hata nyumbani mifano tunayo. Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) anamsimamisha Karama mahakamani, ajitetee kwa visa vya wajumbe sita. Hadithi ziko ndani ya kesi, na wewe unaendelea kusoma kwa sababu shingo ya Karama bado iko hatarini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, andika kwanza. Andika mpaka mwisho, hata kama ni vibaya. Kitabu kifungue ukishakuwa na rasimu mkononi, ukitafuta pale ambapo mtazamaji atainuka kwenda kuosha vyombo. Hapo Robert McKee, mwalimu mwingine wa uandishi wa filamu, atakufaa kuliko wote: pitia kila onyesho ujiulize mhusika kaingia na nini, katoka na nini. Kama hakuna kilichobadilika, kata. Mimi nilikata harusi nzima, na ilikuwa imeandikwa vizuri kweli. Vijana wa siku hizi mnakusanya PDF za miongozo kwenye simu na hamna hata onyesho moja. Acheni. Andikeni.

Kama lazima nitaje jina, anza na Field, ni mwepesi. Na ukikwama kwenye zile kurasa 60 za katikati, niandikie tena. Mimi mwenyewe niko sehemu ya tisa, na Mama Zuhura amegoma kabisa kuniambia ufunguo wake alimpa nani.