Kuposti Video za Watu kwa Ajili ya Pesa: Ruhusa Kwanza

Kumtaja mwenye video ni adabu njema, lakini si ruhusa. Maneno "credit kwa mwenyewe" hayamzuii mwenye mali kudai haki yake. Video ina hakimiliki tangu inaporekodiwa, hata kama haijasajiliwa popote wala haina alama ya ©. Na ile imani kwamba sekunde 10 hazina shida haimo kwenye sheria. Marekani, kwa mfano, ili kuamua kama matumizi bila ruhusa ni ya haki, mahakama hupima mambo 4: umeitumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umemharibia mwenyewe soko kiasi gani. Anayeposti klipu nzima ili avute matangazo huanza akiwa na hoja dhaifu.

Kugeuza picha kushoto kulia au kupandisha sauti hakukuokoi. Kunaonyesha tu kwamba ulijua unachokifanya. Kufuta nembo ya mwenye video ni kubaya zaidi. Kwa sheria ya Marekani, kuondoa kwa makusudi utambulisho wa mwenye kazi ili kuficha ukiukaji ni kosa la peke yake, na fidia yake ni dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila tukio.

Kwenye YouTube, tofautisha dai na onyo. Dai la Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe kazi za watu wengine, mara nyingi huiacha video hewani, ila mapato yanaweza kwenda kwa mwenye haki. Onyo (strike) huja pale mwenyewe anapoomba rasmi video iondolewe. Maonyo 3 ndani ya siku 90 yanatosha kukufutia akaunti nzima, pamoja na video ulizotengeneza kwa jasho lako. Wengi wakipata onyo hukimbilia kuifuta video. Haisaidii, onyo linabaki palepale.

Kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kupakia, na uombe kwa maandishi. Muulize aliyerekodi, maana anayeonekana kwenye video si lazima awe mmiliki, na ukurasa ulikoikuta huenda nao uliichukua kwingine. Meseji iwe kamili:

"Habari. Naomba kutumia video yako hii [weka kiungo] kwenye kurasa zangu za YouTube na Facebook, ambazo zinaingiza pesa kwa matangazo. Nitaikata ibaki sekunde 40 na kuongeza maelezo yangu ya sauti. Je, ni wewe uliyeirekodi? Unaruhusu, kwa muda gani na kwa malipo gani?"

Akijibu "poa, tumia" bila wewe kutaja matangazo, bado hujapata ruhusa ya biashara. Rudi umuulize. Piga picha ya skrini ya mazungumzo yote, jina la akaunti na tarehe vikionekana, kwa sababu akaunti hufutwa na meseji hupotea.

Muziki ni suala jingine kabisa. Mwenye video hawezi kukupa ruhusa ya wimbo usio wake, na ruhusa ya wimbo kwenye mtandao mmoja haihami kwenda mwingine. Toa sauti hiyo, weka muziki uliolipia leseni.

Hata ukiwa na ruhusa mkononi, YouTube inaweza kukunyima mapato kwa sababu ya maudhui yaliyotumika tena (reused content), na kanuni hiyo haihusiani na hakimiliki. Wanachotaka kuona ni mchango wako: uchambuzi, maelezo, uhariri wenye maana. Kuunganisha klipu 20 za kuchekesha mfululizo hakutoshi.

Ukipata onyo ilhali una ruhusa, mwandikie kwanza mwenye video aondoe ombi lake; ndiyo njia fupi. Pingamizi rasmi liwe la mwisho: unaweka jina na anwani yako halisi, unaapa kwamba unasema kweli, na mlalamikaji anatumiwa taarifa hizo. Ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi.