Habari zilifika Baghdad, fedha hazikufika

Swali: Nafundisha historia kidato cha sita. Kitabu chetu kinasema dola ya Waabbasi, makhalifa wa Kiislamu wa Baghdad, ilivunjika kwa kuwa ilikuwa kubwa mno na habari za majimboni zilichelewa kufika Baghdad. Ukurasa wa pili kinaisifu posta ya makhalifa kwa wepesi wake. Wanafunzi wameniuliza tushike lipi, nikakosa jibu.

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameona vizuri, nami niko upande wao. Posta ile, barid, ilifanya kazi. Mkuu wa barid katika jimbo hakuwa mtu wa liwali. Alimwandikia khalifa habari za bei za vyakula, za makadhi, na za liwali mwenyewe.

Chukua kisa cha Tahir bin Husayn. Mwaka 821 khalifa al-Ma'mun alimpa uliwali wa Khurasan, jimbo la mbali upande wa mashariki wa dola. Mwaka uliofuata, katika hotuba ya Ijumaa, Tahir akaacha kumtaja khalifa. Enzi zile kunyamaza huko kulikuwa uasi wa wazi. Mkuu wa barid akaandika, na barua ikafika. Tahir akafariki ghafla muda si muda. Sasa khalifa, aliyekwisha kujua yote, alifanya nini? Jimbo alimwachia Talha, mwana wa Tahir, na ukoo huo ukaishika Khurasan hadi 873.

Kujua alijua. Lakini kumng'oa liwali kunataka jeshi, jeshi linataka mishahara, na mishahara ilitoka katika haraji, yaani kodi ya ardhi, ya majimbo hayo hayo. Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu tuache kuanzia kwenye ukubwa wa ramani. Tuanzie kwenye daftari la hazina.

Daftari hilo lilikuwa na tatizo ambalo vitabu vya shule hulipita. Mwaka wa Hijra una siku 354 au 355, ilhali ngano na shayiri hufuata jua. Miaka 33 ya Hijra ni mavuno 32 tu. Anayelipa kwa mwezi mwandamo na kukusanya kwa jua atajikuta na mwaka mzima usio na mavuno yake. Isitoshe, ukusanyaji ulifunguliwa kwa Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Sisi wa pwani Nairuzi tunaijua. Makunduchi huogwa mwezi wa Julai. Mwaka wake ni wa siku 365 kamili, na usiporekebishwa hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Kufikia karne ya 9, Nairuzi ya Iraki ilikuwa imerudi hadi Aprili, nafaka zingali mbichi shambani. Mkulima anadaiwa kodi ya kitu ambacho hajakivuna, basi anakopa au anakimbia. Khalifa al-Mutawakkil alitaka kuisogeza mbele, akauawa mwaka 861. Ikabidi kungoja hadi 895, khalifa al-Mu'tadid alipoiweka tarehe 11 Juni. Kwangu mimi hatua hiyo inastahili kufundishwa sawasawa na vita vyovyote vya karne ile.

Dawa ya pili ilikuwa kutenganisha upanga na mfuko: mmoja anaongoza askari, mwingine anashika haraji, na kila mmoja anamchunga mwenzake. Misri ilikuwa hivyo Ahmad bin Tulun alipofika kuwa liwali mwaka 868. Fedha zilikuwa mikononi mwa mkuu wa haraji, Ibn al-Mudabbir, naye Ibn Tulun hakutulia hadi alipomwondoa. Baada ya hapo Baghdad ilipata kile alichokubali kukituma. Nani angemzuia? Kati ya 861 na 870 makhalifa wanne waliuawa katika machafuko ya askari, wakati mji mkuu ulikuwa Samarra, na tangu 869 hadi 883 Iraki ya kusini, shamba la hazina yenyewe, iliwaka kwa uasi wa Wazanji, watumwa waliobebeshwa jina la pwani yetu.

Hazina ilipokauka, serikali ilianza kukodisha kodi: tajiri au kamanda analipa kwanza, kisha anajirudishia kwa wakulima. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kuzibua mfereji utakaomfaa mwingine miaka kumi ijayo.

Mwaka 936 khalifa al-Radi alimwita Ibn Ra'iq, akampa cheo cha amiri wa maamiri, na jeshi na haraji vyote pamoja. Upanga na mfuko vilikutana sasa Baghdad kwenyewe. Muda si mrefu baadaye Ibn Ra'iq, akitaka kumzuia mpinzani wake Bajkam asiufikie mji, aliubomoa mfereji wa Nahrawan, uliokuwa ukinywesha mashamba ya mashariki ya Baghdad.