Ziwa Toya: mlima asubuhi, maji moto jioni

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni ziwa gani la volkano lenye maji moto linalofaa kutembelewa majira ya joto, na mgeni apangeje siku yake? Jibu langu ni Toya, kisiwani Hokkaido, Japani, ila kwa sharti moja: ulale hukohuko. Fataki hurushwa juu ya ziwa saa 2:45 usiku, na anayewahi treni ya kurudi Sapporo, mji mkuu wa Hokkaido, hazioni.

Treni ya haraka kutoka Sapporo huchukua kama saa mbili. Stesheni ya Toya iko upande wa bahari, si ziwani, hivyo utapanda basi dakika 20 hivi hadi Toyako Onsen, mji wa maji moto ulio ufukweni mwa ziwa. Mabasi ni machache. Piga picha ratiba ya kurudi kabla hujaondoka stesheni.

Anza na mlima Usu, volkano iliyo kando ya ziwa, ambao gari la waya huupanda kwa dakika 6. Uliza kwanza kama kilele kina ukungu. Ukiwa umetanda, nauli yako imepotea. Pale chini umesimama Showa-shinzan, mlima uliochomoza kwenye mashamba kati ya 1943 na 1945. Mkuu wa posta, Mimatsu Masao, aliuchora kadiri ulivyopanda, akipima kwa nyuzi zilizotandazwa mlalo nyuma ya posta yake. Kwangu mimi mlima huo unashinda mandhari yote ya kule juu. Kisha pita njia ya kreta (mashimo ya volkano) za Konpira uone majengo yaliyoharibiwa na tope la mlipuko wa Usu wa 2000. Watu walikuwa wamehamishwa mapema, hakufa mtu.

Mchana panda boti hadi visiwa vya Nakajima. Ukishuka, shika saa ya boti ya mwisho.

Maji moto, yaliyogunduliwa 1917 baada ya mlipuko wa Usu wa 1910, yaachie jioni. Hapa ndipo wageni huharibu. Nguo zote huvuliwa, hata za kuogelea. Kaa kwenye kigoda, jisugue kwa sabuni, suuza hadi povu liishe, ndipo uingie. Nywele ndefu zifungwe. Taulo dogo likae kichwani, lisiguse maji. Mwenye chale (tatuu) aulize hoteli kama ataruhusiwa kuoga, kabla ya kulipia chumba. Maji huwa nyuzi 40 hadi 42, kwa hiyo dakika 5 hadi 10 zinatosha. Joto hupanua mishipa na kushusha presha. Ukiinuka ghafla, kizunguzungu. Kunywa maji kabla na baada, pombe isubiri. Ngozi iliyoungua jua itawaka moto humo, basi siku hiyo ishia bwawa la kutumbukiza miguu tu. Yapo ya bure mjini.

Fataki huwapo kila usiku kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba, kwa dakika 20, hali ya hewa ikiruhusu. Hurushwa kutoka kwenye boti zinazotembea, kwa hiyo usigombanie nafasi. Popote ufukweni mbele ya hoteli zitakupitia.