Ni mtu mmoja au watu kumi?

SWALI: Shikamoo mama. Nafanya kazi ya bustani kwa Mtaliano hapa Malindi. Tajiri wangu aliporudi kwao aliniachia kasha la CD, na moja imeandikwa Franco Battiato, "Le nostre anime". Naisikiliza kila jioni lakini yanichanganya. Wimbo huu wataka kucheza, ule kama uko kanisani, mwingine fidla zalia mpaka moyo wakaza. Je, anayeimba ni mtu mmoja? Na mbona nahisi kuna Uarabu ndani yake? Nilisoma chuoni mpaka juzuu ya kumi, sikio langu halinidanganyi. Huyu ni Mwislamu?
Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni mtu mmoja, na umenipa raha kuniuliza habari zake.

Mimi nilikaa mapokezi ya hoteli moja huko huko kwenu miaka minane. Kiitaliano changu nilikipata jikoni zaidi kuliko mapokezini, kwa mpishi wa Kisicilia aliyekanda unga huku kaseti ya Battiato ikilia. Mikono yake ilikuwa imejaa unga, basi redio aliiwasha kwa kiwiko. Ukifika wimbo wa "La cura" aliacha kukanda. Siku moja nilimuuliza maana yake. Akatandaza unga mezani kwa kiganja, akaandika kwa kidole: cura. Akasema ni kumtunza mtu, na pia ni kumtibu mgonjwa. Mwimbaji anamwahidi mtu kwamba atamkinga na hofu zake, na huzuni zake, na hata na hali ya moyo wake inayobadilika-badilika. Tangu siku ile sijausikia wimbo huo nikaendelea na kazi niliyokuwa nayo mkononi.

Battiato alizaliwa 1945 mashariki mwa kisiwa cha Sicilia, upande wa mlima Etna, akafariki Mei 2021 huko huko, mji wa Milo. Mkusanyiko ulio nao ulitoka 2015. Wimbo uliobeba jina lake, yaani "nafsi zetu", ulikuwa mpya wakati ule. Nyimbo nyingi zilizobaki zimechotwa katika miaka mingi ya kazi yake. Hapo ndipo unapochanganyikiwa. Kijana na mzee wameketishwa mkeka mmoja, na hakuna aliyekwambia yupi ni yupi.

Chukua penseli, toa kile kijitabu cha ndani, uandike mwaka kando ya kila wimbo. "L'era del cinghiale bianco" ni 1979. "Centro di gravità permanente" ni 1981. "Voglio vederti danzare" ni 1982. "Povera patria", ule wa kuililia nchi yake iliyoonewa na wakubwa, ni 1991. "La cura" ni 1996. Kisha sikiliza kwa kufuata miaka, si kwa mpangilio wa CD. Mimi nilifanya hivyo na CD yangu mwenyewe, na ndipo nilipoanza kumwelewa.

Wako wanaosema alikuwa kigeugeu. Mimi sikubali hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akipiga vinanda vya umeme vya majaribio, akatoa "Fetus" mwaka 1972, muziki ambao jirani yako angekugongea ukuta. Mwaka 1979 akapewa tuzo ya Stockhausen, iliyobeba jina la mtunzi wa muziki wa Kijerumani, kwa kazi ya piano iitwayo "L'Egitto prima delle sabbie", ambayo karibu yote ni kifungu kimoja cha noti kikirudi na kurudi. Miaka miwili baadaye Italia nzima ilikuwa ikicheza nyimbo zake. Utadhani ni watu wawili. Lakini sikiliza vizuri hiyo "Centro di gravità permanente". Ndani yake mmejaa watu wa kila namna: bibi kizee wa Kibretoni, wa huko Ufaransa, mwenye kofia na mwavuli wa karatasi na mianzi, mapadri Wajesuiti waliovaa kama watawa wa Kibudha katika ikulu ya wafalme wa China, na wafanya magendo wa Makedonia. Katikati ya zogo hilo yeye anatafuta kituo kimoja kisichohama. Na kile kifungu cha piano kinachorudi bila kuchoka, nacho kinatafuta nini? Kitu kilekile.

Sasa huo Uarabu. Sikio lako ni zima. Waislamu kutoka Afrika Kaskazini walianza kuiteka Sicilia mwaka 827, wakaitawala zaidi ya miaka mia mbili, na mpaka leo lugha ya kule imebeba athari zao. Aina moja ya zabibu zao inaitwa zibibbo. Zafarani Waitaliano wanaiita zafferano. Yule mpishi alipoyataja maneno hayo mara ya kwanza nilidhani ananiiga Kiswahili! Battiato alikulia katika udongo huo, na ukubwani akajifunza Kiarabu. Fidla nayo alifundishwa na Giusto Pio, ambaye ndiye aliyetunga naye nyimbo nyingi za miaka ile ya 1980.

Mwislamu hakuwa. Aliwapenda masufi, wale Waislamu wa njia ya kiroho, na katika "Voglio vederti danzare" utawakuta madarwishi wao wakizunguka. Lakini pia aliandika misa, "Messa arcaica". Desemba 1992, wakati Irak iko chini ya vikwazo, alikwenda Baghdad akaimba na okestra ya taifa ya huko. Mwaka uliofuata, katika albamu "Caffè de la Paix", akaimba wimbo wa kienyeji wa Kiiraki, "Fogh in Nakhal". Wewe uliyesoma chuoni huhitaji tafsiri: ni juu ya mitende. Utafute, uusikilize, kisha uniandikie matamshi yake umeyaonaje.

SWALI: Dada, nina pesa ya CD moja tu ya huyo Battiato unayemsifu kila mara. Ninunue mkusanyiko au albamu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Nunua albamu, dada. Mkusanyiko unafaa kwa aliyeachiwa na tajiri wake, lakini anayetoa pesa yake mwenyewe na achukue "La voce del padrone" ya 1981, albamu ya kwanza ya Kiitaliano kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Ina nyimbo saba tu. Wa kwanza unahusu ufuo usio na watu wakati wa kiangazi, na kiitikio chake kinaiita bahari, mare, mare, mare. Uweke jioni, upepo ukitoka baharini, madirisha wazi.