Metali ndani ya maikrowevu: maswali ya wasomaji na majibu

Maikrowevu yangu ina onyo la kutoweka vyombo vya metali, ilhali kuta zake za ndani ni za bati lililopakwa rangi. Onyo hilo lina maana gani?

Nimelitanguliza swali hili kwa sababu jibu lake hubeba sehemu kubwa ya majibu yanayofuata. Kifaa kiitwacho magnetroni hutoa mawimbi ya sumakuumeme yanayotetema takriban mara bilioni 2.45 kwa sekunde, na urefu wa wimbi moja hewani ni kama sentimita 12. Kila wimbi lina uga wa umeme, yaani eneo ambamo nguvu ya umeme husukuma vitu vyenye chaji, unaogeuka upande huu na upande ule, na molekuli za maji zilizomo katika chakula, kwa kuwa kila moja ina upande chanya na upande hasi, huhangaika kuufuata uga huo unavyogeuka. Mahangaiko hayo ndiyo yanayokipasha chakula joto. Metali hupokea wimbi kwa namna nyingine kabisa. Elektroni zake ziko huru, kwa hiyo wimbi likiifikia hukimbia huku na huko katika tabaka la juu tu, ambalo kwa aluminiamu halifiki mikromita 2, na mbio hizo ndizo zinazolirudisha wimbi lilikotoka.

Kuta za bati zimewekwa kwa kazi hiyo hasa: kuyazuia mawimbi yasitoke nje na kuyaelekeza tena kwenye chakula. Bati hilo ni pana na nyororo, limeungana pande zote, na mkondo hupita juu yake bila kukutana na ncha wala mwanya. Kwa hiyo kinachogombwa katika onyo lile si metali yenyewe, bali ni umbo lake, unene wake na mahali ilipokaa. Mtengenezaji hawezi kujua utaingiza nini, naye ameona ni salama zaidi kukataza vyote, uamuzi ambao binafsi naukubali.

Niliusahau uma juu ya sahani, zikaruka cheche za samawati. Zilitoka wapi?

Elektroni zinazokimbizwa na wimbi hufika mwisho wa metali zikakosa pa kwenda, zikarundikana hapo. Kadiri mwisho huo ulivyo mwembamba ndivyo uga wa umeme unaouzunguka unavyokuwa mkali zaidi. Hewa ya kawaida huvumilia uga wa hadi volti 3,000 hivi kwa kila milimita. Ukizidi hapo, molekuli za hewa hung'olewa elektroni zake, hewa hugeuka plasma inayopitisha umeme, na cheche huonekana. Ni tukio la jamii moja na radi. Meno ya uma yana makosa mawili kwa pamoja: ni membamba nchani, tena yamekaribiana, hivyo cheche huruka kutoka jino hadi jino. Urefu nao una sehemu yake, kwani kipande chenye karibu nusu ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 6 hivi, huyapokea mawimbi kama antena.

Plasma ikishawaka huendelea kunyonya nguvu ya mawimbi, na joto lake linatosha kuunguza karatasi, kuyeyusha plastiki au kutoboa rangi ya ukuta. Karatasi ya aluminiamu iliyokunjwakunjwa ni mbaya kuliko uma, kwa sababu kila kunyanzi ni ncha mpya, na unene wake mdogo huifanya ipate moto upesi.

Je, kijiko ndani ya kikombe kina hatari hiyo hiyo?

Mara nyingi hapana. Kijiko ni kinene, kingo zake ni za mviringo, na kimiminika kinachokizunguka hunyonya sehemu kubwa ya mawimbi. Hata hivyo, mpini wake ukikaribia ukuta, cheche zinaweza kuruka kati ya hivyo viwili. Wapo wanaokiweka makusudi ili kuzuia maji yasipite kiwango cha kuchemka bila kutoa mapovu, kisha yakafoka ghafla kikombe kinapoguswa. Hofu hiyo ni ya kweli, maana maji safi ndani ya kikombe kisicho na mikwaruzo yanaweza kupita nyuzi 100 yakiwa yametulia; lakini kijiti cha mbao hufanya kazi ileile bila kuleta mashaka mengine.

Sahani yangu ya kauri ina mstari wa dhahabu ukingoni. Mstari mwembamba namna hiyo unaweza kudhuru?

Unaweza, na wembamba wenyewe ndio unaoponza. Mkondo unaolazimishwa kupita katika utando mwembamba kupindukia huupasha moto sana, na palipochubuka pana mianya midogo ambamo cheche huruka. Mapambo hubabuka, na sahani yenyewe inaweza kupasuka. Waya mdogo wa kufungia mifuko na pini za stepla ziogopwe zaidi, kwa kuwa hukaa karibu na karatasi au plastiki inayoweza kushika moto.

Mbona maelekezo mengine yanaruhusu karatasi ya aluminiamu?

Yanaruhusu kwa masharti, na ukiyatazama masharti hayo utaona yanafuata fizikia ileile. Idara ya Kilimo ya Marekani, kwa mfano, inashauri karatasi iwe mpya na nyororo, isifunike zaidi ya robo ya chakula, ishikamane na chakula bila kingo zinazochomoza, na isiukaribie ukuta kwa chini ya inchi moja, yaani kama sentimita 2.5. Lengo ni kukinga sehemu nyembamba, kama ncha za mabawa ya kuku, zisikauke kabla ya nyingine kuiva. Kama kitabu cha oveni yako ya maikrowevu kinakataza, fuata kitabu hicho. Rafu ya chuma iliyouzwa pamoja na oveni ni halali ndani ya oveni hiyo tu, kwa namna ilivyoelekezwa.

Nikipasha chakula ndani ya sufuria ya chuma cha pua isiyo na ncha yoyote, kuna ubaya gani?

Cheche huenda zisitokee, ila chakula kitapata mawimbi kutoka juu peke yake, kwa sababu kuta za sufuria huyarudisha yote yanayokuja kwa pembeni na kwa chini. Juu kutakuwa na moto na chini kutabaki baridi, hali inayowaacha hai bakteria ambao ulitaka kuwaua. Ukiongeza mfuniko wa metali, chakula hakipati kitu. Nguvu huirudia magnetroni na kuichosha, sawa na kuiwasha oveni ikiwa tupu.

Cheche zimetokea ingawa sikuweka metali yoyote. Je, mionzi inavuja?

Kwanza izime. Ukiona moto, acha mlango umefungwa, chomoa waya kwenye soketi na usubiri uzimike wenyewe kwa kukosa hewa. Kisha, oveni ikiwa imepoa, angalia kile kipande chepesi cha maika (madini yasiyopitisha umeme) kilicho ukutani, kinachofunika tundu la kuingizia mawimbi: mafuta yaliyorukia hapo yakiungua hugeuka kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Kipande kilichoungua hubadilishwa, hakisuguliwi tu. Rangi iliyobanduka ikaacha bati wazi lenye kutu huleta cheche vilevile. Hata zabibu mbili zilizogusana zinaweza kuwasha plasma, jambo ambalo wanafizikia wa Kanada walilieleza mwaka 2019: ndani ya tunda lenye maji mengi wimbi hufupika hadi karibu kipimo cha zabibu yenyewe, na uga hukusanyika pale zinapogusana.

Cheche peke yake si dalili ya kuvuja. Wavu wa mlangoni una matundu ya milimita chache, madogo mno kwa wimbi la sentimita 12 kupenya. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni mlango uliopinda, usiofunga sawasawa au ulioungua kwenye kingo. Oveni ya namna hiyo isitumike mpaka fundi aione. Usifungue mfuniko wa nje mwenyewe, kwa maana kapasita iliyomo, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, inaweza kubaki na volti elfu kadhaa hata baada ya waya kuchomolewa, na chaji hiyo huua.